Mita Moja ya Ukuta wa Kyamatula

Saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi, tarehe 11 Juni 2074, mshale wa kipimo cha bomba la Kyamatula ulishuka kutoka lita 0.6 kwa sekunde hadi sifuri.

Ndanu Mulandi aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha, mara mbili. Mshale haukusogea. Akaweka kiganja juu ya bomba. Mtetemo wa maji, ambao aliuzoea kwa miaka saba ya kazi, haukuwepo. Hapakuwa na hitilafu. Vali ilikuwa imefungwa kwa amri.

Alifungua kibao chake cha kidijitali na kusoma taarifa:

"Kyamatula. Watu 1,860 na mifugo yao. Akiba iliyopo mchangani: mita za ujazo 8,400. Mahitaji hadi mvua za Oktoba, siku 130: mita za ujazo 6,630. Bomba halihitajiki."

Alirudia hesabu kichwani. Ilikuwa sahihi. Bado hakujua kwamba tarakimu moja ndani yake ilikuwa na kasoro, na kwamba ilitokana na alichokiandika yeye.

Musembi Kitonga alikuwa amekwisha kufika kwenye kioski cha maji na punda wake kumi na wawili, kila mmoja na mitungi minne mitupu. Ndiye aliyepeleka maji kwenye nyumba za mlimani, ambako bomba halifiki.

"Injinia, umeyanywa yote peke yako?"

"Vali imefungwa huko Kavingo."

"Nani kaifunga?"

"Mlinganyo."

"Huyo simjui. Anakaa upande gani, nimpelekee hawa punda awaeleze mwenyewe?"

Ndanu hakucheka, ingawa wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mkono wa mtu uliofungua au kufunga vali yoyote kwenye bomba kuu. Tangu ukame wa miaka ya sitini, Mamlaka ya Bonde iliukabidhi Mlinganyo, programu ya kompyuta, kazi hiyo: ulisoma sensa elfu tisa, yaani vihisi vya kupima maji, kutoka chemchemi za juu hadi mji wa Kavingo, ukajua kila jamii ina nini na inahitaji nini, ukagawa tofauti. Haukuwa na shemeji wala mtu wa kwao. Ndanu aliuheshimu kwa sababu hiyo.

"Mama Syokau yuko wapi?" aliuliza.

"Mtoni. Leo ni siku yake ya mkono."

*

Mto Kyamatula hauonyeshi maji kwa miezi minane ya mwaka. Maji yake yako chini ya mchanga, nyuma ya ukuta wa mawe na saruji uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakipita, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na kushika maji kati ya punje zake. Jua haliyafikii. Mbu hawazai ndani yake. Mchanga wa punje kubwa ukijaa maji, huachia karibu asilimia thelathini ya ujazo wake kwa anayechimba. Tope laini linaweza kushika maji mengi kuliko hayo, lakini huachia asilimia nne tu. Sensa husoma maji yaliyoshikwa. Haisomi yatakayoachiliwa.

Syokau Mbithi, mwenyekiti wa mwethya, alikuwa amepiga magoti kando ya shimo la kina cha hatua moja, mkono wa kulia ukiwa ndani. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kikundi hicho cha kazi za pamoja kilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, na kila Jumatatu alipima mto kwa mkono wake, kwa kutaja maji yalipofikia: kiganja, kiwiko au bega. Hakuna aliyewahi kukubaliwa kuupima kwa mkono mwingine, kwa kuwa mikono haifanani.

"Kiwiko," alisema. "Juzi juzi ilikuwa bega. Na bomba?"

"Limefungwa, Mama. Mlinganyo unasema mchanga una maji ya kutosha."

"Njoo uone utoshelevu wake." Alichota kwa kata hadi shimo likabaki unyevu mtupu. "Tazama saa yako. Zamani shimo hili lilijaa kabla sijamaliza kumfunga punda mitungi."

Ndanu alitazama saa. Dakika kumi zilipita. Musembi aliwafuata, akawaacha punda wasimame kivulini. Dakika ishirini. Syokau alikaa juu ya jiwe akachambua kunde kwenye kanga yake. Shimo lilijaa tena baada ya dakika arobaini na moja.

Ndanu alichimba ukuta wa shimo kwa kisu, akachukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa laini kama unga. Akafanya hivyo kwenye shimo jingine la wachotaji, hatua ishirini juu, kisha jingine. Katika mashimo sita, mchanga wenye punje ulianza kwenye kina cha mita moja. Juu yake lilikuwa tope tupu.

Mita moja. Hakuhitaji kupima mara ya saba.

Mwaka 2065 ukuta ulikuwa na kimo cha mita moja na nusu. Desturi ya mwethya ilikuwa kuuongeza nusu mita, kisha kungoja mvua zipite. Ukuta mfupi huruhusu maji yenye tope yapite juu yake na kushika mchanga mzito peke yake. Ukuta mrefu hushika kila kitu. Wanawake hawakuieleza hivyo. Walisema tu kwamba mto hulishwa kidogo kidogo. Ndanu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka chuo kikuu wiki tatu zilizopita, na alipiga hesabu ya uimara mbele yao juu ya mfuko wa saruji: mita nzima kwa msimu mmoja, na ukuta utasimama. Syokau alisema tungoje. Wengine walisema mtoto amesoma, na sisi ndio tuliomsomesha. Wakajenga mita nzima, bila kibali, kwa kuwa foleni ya vibali ilikuwa ya miaka mitatu.

Ukuta ulisimama. Hesabu ilikuwa sahihi kwa swali aliloliuliza. Hakuuliza nini kitatua nyuma yake.

Miaka miwili baadaye, alipoajiriwa kuwa mpimaji, Mlinganyo ulimtaka ataje aina ya udongo. Alichimba mahali pa zamani, karibu na ukuta, ambapo wachotaji walikuwa wamekwisha kuondoa tope. Akaandika: mchanga mzito.

"Maji ya kweli ni mita za ujazo elfu tatu mia saba na ishirini," aliwaambia sasa. "Siku sabini na tatu. Yataisha tarehe 23 Agosti."

"Na mvua ni Oktoba," alisema Musembi.

"Oktoba kumi na tisa, zikifika kwa wakati."

Punda mmoja alikojoa mchangani, na Musembi akasema, "Huyu angalau anachangia."

*

Walikutana ukutani saa mbili na nusu, watu kama themanini, wengine wakiwa na majembe kwa sababu ilikuwa siku ya kutengeneza matuta. Ndanu alisimama chini yao, kwenye mchanga, akawaeleza bila kuzunguka.

"Nikibadilisha aina ya udongo, Mlinganyo utauliza sababu. Unatambua sababu tatu: ukingo kuporomoka, mafuriko yasiyo ya kawaida, au ukuta kubadilishwa. Mbili za kwanza hulinganishwa na picha za setilaiti. Ya tatu huaminiwa bila ushahidi, kwa kuwa hakuna anayejishtaki bure. Nikiandika ya tatu, tutarudishiwa sehemu ya maji ya bomba. Na itatolewa amri ya kufungua ukuta hadi msingi, kwa sababu tuliuongeza bila kibali."

"Kufungua ni kubomoa?" aliuliza mtu.

"Ni kubomoa."

"Basi tutapata bomba, mvua ije iuchukue mchanga wote."

"Ndiyo."

Musembi alijikuna shingo. "Injinia, mimi sikusoma. Lakini sensa namba tatu iko pale, si ndiyo? Imesimama kwenye tope lililolowa. Ukiisogeza hatua kumi tu kuelekea ukingoni, itasimama pakavu. Haidanganyi mtu. Itasema inachokiona. Huyo Mlinganyo wako atasikia kiu, atafungua vali. Ukuta unabaki, bomba linarudi, na sisi tunakwenda zetu kunywa chai."

Watu walicheka kwa nafuu, kicheko cha watu walioonyeshwa mlango. Hata Syokau alimtazama Ndanu kwa matumaini.

Ingefanya kazi. Ndanu alikuwa ameliwaza jambo hilo dakika ya ishirini, akitazama shimo. Bisibisi moja, robo saa.

"Miaka sita iliyopita watu wa Ithumula walisogeza sensa," alisema. "Hatua nane. Mlinganyo uliamini hawana kitu, ukawapelekea maji ambayo Kavingo ilikuwa inayategemea. Kavingo ina watu elfu sitini na moja. Mtaa wa chini ulikosa maji siku kumi na moja, wakachota mtaroni. Kipindupindu kiliua kumi na wanne. Ithumula hawakujua. Walikuwa wamesogeza sensa tu."

"Sisi si Ithumula," alisema Musembi, lakini kwa sauti ndogo.

"Tarakimu yangu ikiwa ya uongo, kuna bomba la mtu mwingine litakalolipia uongo huo. Sitaisogeza."

"Kwa hiyo utabomoa ukuta wetu." Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke mwenye jembe begani, na hakuwa anauliza.

"Nimesema nitaandika kipimo cha kweli," alijibu Ndanu. "Sijasema nitaitii amri itakayofuata. Hayo ni mambo mawili."

Syokau alifunga kunde zake kwenye pindo la kanga, akasimama. "Sasa ndiyo unazungumza kama mtu aliyezaliwa hapa. Andika."

Fomu ilikuwa na nafasi moja ya jina: Aliyebadilisha muundo. Ndanu aliandika lake. Syokau, ambaye alisoma juu ya bega lake bila aibu, alikitwaa kibao.

"Hapa umeandika uongo. Ulisema huandiki uongo."

"Mama, hesabu ilikuwa yangu."

"Ulileta hesabu. Mawe ulibeba mangapi? Mwethya haina mwenye kazi. Andika wote."

"Na hesabu yenyewe ilikuwa mbovu," aliongeza Musembi. "Tusimpe sifa zote."

Fomu haikukubali zaidi ya jina moja. Walijaribu mara nne. Mwishowe Ndanu aliacha jina lake, na Syokau akamtuma mtu alete daftari la zamu la mwaka 2065, lenye majina mia mbili na kumi na mawili na idadi ya siku za kila mmoja. Ndanu alipiga picha kurasa zote kumi na tatu, akaziambatanisha. Saa tatu na dakika thelathini na nane alibandika kidole gumba juu ya namba yake ya leseni, 0417, na taarifa ikaondoka.

*

Guyo Halake alipiga simu saa nne na robo. Alikuwa msimamizi wa wapimaji wa bonde zima, mtu aliyekuwa akitumia maneno machache hata kwenye misiba.

"Dada Ndanu, nimeisoma. Unajua kinachofuata."

"Ninajua."

"Taarifa ikirudishwa kwamba haijakamilika, Mlinganyo hauisomi. Ninaweza kuirudisha kabla ya saa sita. Tutafute njia nyingine."

"Imekosa nini?"

Nyuma ya Halake kulikuwa na sauti ya pampu.

"Haijakosa kitu."

"Basi usiirudishe, Bwana Halake."

"Leseni yako itakwenda."

"Namba ya akiba ni elfu tatu mia saba na ishirini. Nikiwa na leseni au bila leseni."

Saa nane mchana bomba lilitetemeka. Mshale ulipanda polepole, ukasimama kwenye lita 0.26 kwa sekunde. Ndanu alipiga hesabu: tofauti kati ya mahitaji na akiba ya kweli, ikigawanywa kwa sekunde za siku 130, inatoa 0.26. Mlinganyo haukuwaonea wala haukuwapendelea. Musembi alianza kujaza mtungi wa kwanza, akilalamika kwamba mkondo ni mwembamba kama mkojo wa mbuzi.

Dakika hiyo hiyo kibao kilionyesha ujumbe wa pili: leseni 0417 imesimamishwa. Na wa tatu: ukuta wa Kyamatula utafunguliwa hadi msingi tarehe 14 Juni, kuanzia saa tatu asubuhi.

*

Kipasuzi kilifika tarehe 14 saa mbili na dakika hamsini, kikitambaa kwa minyororo kando ya mto. Kilikuwa mashine isiyo na dereva, kubwa kama lori, chenye nyundo ya chuma mbele na paneli za jua mgongoni. Halake alikuwa nyuma yake, kwa gari dogo. Alishuka, akatazama ukuta.

Juu yake na nyuma yake walikuwa watu sabini. Hawakuwa wamekaa wala kuimba. Walikuwa kazini. Safu moja ilichimba tope na kulijaza kwenye magunia. Punda wa Musembi waliyabeba hadi mashambani, kwa kuwa tope hilo linafaa sana kwa mahindi. Safu nyingine ilikuwa juu ya ukuta na nyundo na patasi, ikichonga ukingo wa juu. Ndanu alikuwa katikati yao, mwenye vumbi hadi nyusi.

"Tafadhali ondokeni umbali wa mita hamsini," kilisema kipasuzi.

"Mwambieni atafute kivuli akae," alisema Musembi. "Leo tuna shughuli."

Kipasuzi kilirudia maneno yake kila baada ya dakika mbili. Kwa muundo wake hakikuweza kuinua nyundo kukiwa na mtu ndani ya mita hamsini, na hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kukibadilisha hapo mtoni, hata Halake.

Alipanda ukutani, akitafuta pa kukanyaga. "Mnafanya nini?"

"Tunashusha nusu mita," alisema Ndanu. "Mafuriko ya Oktoba yatapitisha tope juu. Lililobaki tunalitoa kwa mikono. Mchanga mzito ukijaa, tutaongeza tena, kidogo kidogo."

"Kwa kibali?"

"Nitaomba. Ukuta utakingoja ukiwa umesimama."

"Amri inasema hadi msingi."

"Nimeisoma."

Halake aliinua sauti ili wote wasikie. "Kwenye amri kuna jina moja. Ninyi wengine hamna kosa. Mkiondoka sasa, hakuna atakayeulizwa."

Syokau alikuwa ameketi kwenye ncha ya ukuta na daftari la zamu magotini. Alilifungua ukurasa wa siku hiyo. "Zamu ya kwanza sabini, ya pili sabini na mmoja, ya tatu sabini na mmoja. Kesho hivyo hivyo. Jina moja halibebi jiwe, mwanangu. Unataka nikuandikie zamu gani?"

Watu walicheka. Halake hakucheka, lakini alilichukua daftari, akasoma ukurasa mzima, akarudisha. Kisha akamgeukia Ndanu, kwa sauti ya chini.

"Kuna jambo silielewi. Ungesogeza sensa, nisingejua. Uliandika ukweli mwenyewe, ukaleta hii mashine mwenyewe. Na sasa umeizuia."

"Kipimo ni cha kila mtu aliye kwenye bomba. Watu wa Kavingo wanakunywa kwa tarakimu hiyo hiyo, kwa hiyo sina haki ya kuichezea." Aligonga patasi mara moja, kipande cha saruji kikaanguka upande wa chini. "Amri yenu inaondoa mita za ujazo elfu tatu na mia saba kila mwaka ili kuadhibu kosa la hesabu. Hizo itabidi zitoke kwenye bomba, na bomba halina. Huhitaji kunihurumia. Piga hesabu tu."

Halake alitoa kibao chake, akapiga hesabu. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alishuka, akaketi kwenye jiwe karibu na gari lake.

Zamu ya kwanza iliondoka saa sita, ya pili ikaingia kabla ya kwanza haijatoka, ili pasiwe na dakika tupu. Saa tisa ikaingia ya tatu. Anga lilikuwa la Juni la Ukambani, kijivu na baridi tangu asubuhi, na paneli za kipasuzi hazikupata jua la maana. Taa yake ya betri ilikuwa ya kijani saa tatu, ya manjano saa nane. Kilihitaji asilimia ishirini na mbili ya betri kurudi kituoni Kavingo, kilomita thelathini na nne. Halake aliijua tarakimu hiyo. Ndanu pia aliijua. Hakuna aliyeitaja.

Saa kumi na moja na dakika kumi Syokau alishuka mtoni, akachota shimo la Jumatatu hadi likakauka, akamwambia Ndanu atazame saa. Tope lililolizunguka lilikuwa limeondolewa. Shimo lilijaa kwa dakika tisa. Syokau aliingiza mkono, akautoa, akautazama ulipolowa.

"Kiwiko," alisema.

Ndanu hakuwa na kibao tena. Halake alikuwa amekichukua, kama kanuni ilivyotaka, na kumpa stakabadhi. Ndanu aliomba ukurasa mmoja wa daftari la zamu. Akaandika tarehe, kina, na dakika tisa.

Kipasuzi kilisema, "Tafadhali ondokeni umbali wa mita hamsini," kikakatiza neno la mwisho. Saa kumi na moja na dakika ishirini na sita jioni, kwa asilimia ishirini na mbili, kiligeuka na kuanza kushuka kando ya mto. Ndanu aliandika saa hiyo pia, na mahali pa namba ya leseni akaandika jina lake.